Stoo ya Mabela

Chini ya ngazi, palipokuwa na magunia ya mchele
na baiskeli ya Muhanna isiyo na mnyororo,
pana mashine niliyoinunua Ruwi
kwa ofisi ya bima iliyofungwa:
riyali thelathini na tano, pamoja na vumbi lake.
Bado ina kibandiko: MADAI. USIZIME.
Sijakibandua. Wala sizimi.

Thuwaiba anasema nimeoa mke wa pili
nikamweka stoo.
Kweli, saa nane za usiku nainuka kwa kunyata
kwenda kumsikiliza anavyopumua.
Kweli, kiyoyozi chake hakilali.
Bili ya Julai ilipokuja
aliibandika kwenye jokofu, hakusema neno.
Huko ndiko kusema.

Nje digrii arubaini na nane;
bomba la baridi linaunguza, tunaoga kwa lile la moto.
Nami nimelala kifudifudi, tochi mdomoni,
nasaka waya mmoja wa buluu kati ya buluu kumi na moja,
kwa kuwa mwezi wa Machi, nilipokuwa nazifunga,
nilijiambia: nitakumbuka.

Ndani mna diski nne.
Hakuna inayoshika yote,
ila kila moja imeshika kidogo cha wenzake.
Ikifa moja, zile tatu hukaa kitako,
zikaulizana, zikahesabu,
mpaka zikaijenga upya ile iliyokufa,
herufi kwa herufi.

Ikafa moja, Alhamisi.
Taa nyekundu, mlio kama ukucha juu ya sahani.
Nikatia mpya. Saa kumi na tisa
nimekaa juu ya gunia, chai imefanya utando,
natazama asilimia zikipanda moja moja.
Haikupotea hata picha.

Mama na dada zake walikuwa wanne.
Alipoondoka, niliwakusanya wale watatu sebuleni,
nikawasha televisheni, nikawapitishia zote, za Unguja na za huku,
mpaka ikaja ile ya mwanamke mlangoni,
mkono kiunoni, anacheka na aliyeshika kamera.
Huyu nani?
Khalati Ghanima: jirani yetu wa Vuga.
Khalati Zamzam: jirani gani! Huyo mshonaji,
yule aliyeharibu gauni langu la Idi.
Khalati Salme akaivuta miwani puani:
“Mnabishana nini? Muulizeni Nunu, Nunu ndiye...”

Nunu ni mama.
Kiyoyozi kikasikika. Kahawa ikapoa vikombeni.

Picha hiyo ninayo mara tatu:
stoo, kwa kaka yangu Sohar,
na kwenye diski ndogo niliyoificha kabati la nguo
ndani ya soksi.
Nimeiita *mwanamke-mlangoni*.

Leo asubuhi bili haipo kwenye jokofu.
Nimeikuta stoo, juu ya mashine,
imegeuzwa, mwandiko wa Thuwaiba nyuma yake:
Khalati Salme, Jumamosi, baada ya alasiri.
Chukua kinasa sauti.
Na ulipe hii.