Jani la Tatu

Kazi yangu mimi ni kufutika.
Anza hivyo, kama unataka kuniandika.

Asubuhi, kabla umeme wa Chowk haujakatika,
nakoroga nili na gundi kwenye sinia la bati,
nazamisha blanketi kuukuu, mikunjo minne, liloe sawasawa,
ndipo nageukia ukuta wa mihuri.
Ni mihuri ya mbao, mia tatu na ushei,
imekula chumvi nyingi:
chumvi ya kiganja cha babu, ya baba, na sasa yangu.
Huu una samaki wawili wanaotazamana.
Huu una embe lililopinda shingo.
Na huu, mdogo kuliko kizibo cha chupa,
ni ua la kola ya mtoto asiyejulikana hata jina.

Kanzu za watu wazima nazigonga kwa ngumi: du!
Melimeli ya watoto haitaki ngumi.
Naiwekea mkono tu, kama mtu anayepima homa.
Kifua. Mgongo. Mikono miwili, kila mmoja urefu wa kalamu.
Vikanzu arobaini, rupia mbili na nusu kimoja,
na tajiri Rizwan Mirza huvihesabu mara mbili
kana kwamba melimeli huiba melimeli.

Bunda linavuka mto Gomti
kwenda kwa wanawake wenye sindano.
Wanafuata njia yangu ya buluu, uzi mweupe juu ya cheupe;
nilipotetemeka mimi, jani lao litatetemeka.
Halafu dobi.
Chhotelal ananichukia na wala hatujaonana:
anachemsha, anabamiza jiweni, anasuuza, ananusa,
anachemsha tena
mpaka nitoke.
Nikitoka, ndiyo kazi imekuwa nzuri.

Mke wangu aliniuliza usiku mmoja,
"Hivi wewe umeacha nini duniani?"
Nikamwonyesha kiganja, buluu tupu.
Akacheka. "Hicho nacho huoshwa kila Ijumaa."

Sasa, mwaka juzi, mvua ikivuja dukani,
Rizwan alinirushia kikanzu kimoja kilichotoka kwa dobi.
"Bega la kushoto. Hebu tazama."
Nikatazama. Shina lilipanda vizuri,
jani, jani,
kisha kitambaa kitupu,
kisha ua, limekaa peke yake kama mgeni aliyewahi.

Jani la tatu nililichapa. Mimi siruki jani.

Mleta bunda alikuwa mlangoni anakamua maji ya shali.
"Hicho ni cha Qamrun wa Malihabad," akasema.
"Uchungu ulimshika sindano ikiwa papo hapo begani.
Alipokirudia, arobaini imeisha, mtoto yuko pajani ananyonya;
tone la maziwa likaangukia wino.
Alivyoshusha macho, hapakuwa na jani.
Akadhani ndivyo ulivyotaka."

Nilikaa kimya.
Nili yangu imekufa kwa majivu, kwa sabuni, kwa mto mzima.
Kwa maziwa, sijapata kusikia.

Rizwan alikwisha fungua daftari:
Qamrun, rupia mia moja, akatwe.
Nikasema, "Muhuri haukushika. Kosa langu."
"Lako?"
"Langu. Wino ulikuwa mwepesi."
Akanikata mimi, na kwa hasira akanitupia na kikanzu.

Nyumbani nilikilaza juu ya meza.
Nilikuwa na muhuri, nilikuwa na nili,
ningeweza kulirudisha jani lile kwa pumzi moja.
Nikaosha mikono. Nikakikunja.
Kesho yake nikakificha katikati ya bunda jipya,
nimeandika jina lake kwenye karatasi, basi.

Jibu lilichukua wiki tatu kuvuka mto.
Mtoto amekivaa. Kinampendeza.
Ila, anasema Qamrun, kinambana makwapani,
na kama nina kikubwa zaidi.