Ukurasa wa Arobaini na Moja

Heldur, daktari wa meno mstaafu, alipanda ngazi zangu
na theluji ya Tartu mabegani,
kitabu amekificha kifuani mwa koti
kana kwamba nacho kinasikia baridi.
Kitabu cha uyoga. Zilichapwa nakala mia mbili,
picha zikatiwa rangi kwa mkono, moja moja.
Jalada limeoza, mgongo umeachana na mwili.

"Nataka ngozi ya mbuzi," akasema,
"kijani cha msonobari, si kijani cha benki.
Dhahabu kingo tatu. Na uyoga mmoja mgongoni,
mdogo, usiojigamba."
Nikamtajia bei.
Akabaki kinywa wazi kama wagonjwa wake;
mnadani alikinunua kwa nusu ya hiyo.
Rahisi ghali, nikamwambia. Akatia saini.
Nikaahidi Pasaka, nikijua ni Juni:
mjalidi asiyechelewesha
bado hajapata kazi.

Nilikata nyuzi kuukuu, nikahesabu karatasi,
nikahesabu tena.
Baada ya arobaini inakuja arobaini na tatu.
Katikati, kwenye mshono, kibaki cha karatasi
kimesimama kama jino lililovunjikia kwenye ufizi.
Nikampigia simu. Akanyamaza muda mrefu,
nikasikia birika lake likilia, halizimwi.

Kesho yake alikuja bila kofia.
Akafungua pochi, nyuma ya kadi ya basi,
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne,
laini kama kitambaa kwa kukunjuliwa.

"Nilikuwa na miaka tisa. Nilikula uyoga
nyuma ya shule, peke yangu, kwa ubishi.
Kitabu kilikuwa cha Mwalimu Leida.
Nikachana picha iliyofanana na nilichokula,
nikaenda nayo kitandani
nijue nitakufa vipi."

Nikausogeza ukurasa kwenye kibaki.
Kingo zikaumana, meno ya juu na ya chini.
Hatukusema kitu.
Yeye, wa taaluma hiyo, aliona kabla yangu.

"Uufiche mshono," akaniomba.
Nikakataa. Nitaunga kwa karatasi nyembamba ya Kijapani,
gundi ya ngano, na mikunjo siipigi pasi.
Macho yanaweza kudanganywa;
kidole kikipita, kitajua.

Juni, basi. Ngozi imekaza vizuri,
dhahabu imeshika ila pembe moja
ambayo yeye hakuiona nami sikuitaja.
Hakutazama jalada hata kidogo,
jalada la miezi mitano ya macho yangu!
Alikwenda moja kwa moja arobaini na moja,
akageuza, akafika chini ya arobaini na mbili,
pale sentensi ilipomwacha akiwa mtoto:
*Aliyeula asikate tamaa, kwani*

Miaka sitini na miwili na "kwani".
Ameoa nayo, amezika nayo, ameng'oa meno ya mji mzima nayo.
Akavuka mshono kwa kidole gumba, taratibu,
akasoma kwa sauti ukurasa wa arobaini na tatu:
*una pacha mtamu, na wengi waliojiandaa kufa
walikuwa wameshiba tu.*

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua.

Kwenye ankara niliandika, mstari wa mwisho:
kuunga karatasi moja, euro arobaini.
Kazi ni kazi.
Alilipa, akaomba risiti,
akashuka ngazi akinuka ngozi mpya.