Hakuna Lensi

Cirhuza aliniuzia kwa dola sitini na mbili,
zile mbili nikazilipa kwa franka zilizochakaa.
Akaitoa ndani ya soksi ya mtoto:
chuma kitupu, kizito kama jiwe la kusagia pilipili,
haina mota, haina waya,
haina pa kuambiana neno na kamera.

Nikaifunga. Ikalia ka! mara moja.
Na kamera yangu, ambayo bado ninamlipa shemeji deni lake,
ikaandika kwenye kioo: *Hakuna lensi.*

Nikacheka peke yangu pale Kadutu,
juu ya ngazi zinazoshukia sokoni,
nimeishika hiyo isiyokuwepo
nayo inanichosha kifundo cha mkono.

Ilibidi niingie kwenye menyu, ukurasa wa nne,
niiambie kamera: kubali,
piga hata kama humjui uliye naye.

Mvua ilikuwa imetoka kupita.
Mabati ya mlima mzima yalifuka
na matope yakameremeta kama yamepakwa mawese.
Nimezoea ile nyingine, ya plastiki, iliyokuja na boksi:
inanusa uso, inalia pi-pi, imemaliza.
Harusi sita, nyuso mia nne,
sikumbuki hata mmoja.

Hii inangoja mkono.
Pete yake inazunguka taratibu, nzito kidogo,
kama mfuniko wa kopo la mafuta ya nywele,
na penye ukali kioo kinachora uzi mwekundu.
Uzi ukatambaa juu ya beseni la sambaza,
ukapanda mkono wa Mama Nabintu,
ukakwama kwenye kifungo cha sweta.
Nikauvuta.
Ukaruka jicho, ukashika sikio.

«Weye Mugisho, unapiga picha ao unafungua kopo?»
«Bado kidogo, mama.»
«Samaki njo inaoza.»

Ya kwanza: hereni safi kabisa, mwenye hereni ukungu.
Ya pili: nzi,
miguu yote sita, mpaka vinyweleo,
na nyuma yake mwanamke kama moshi.
Ya tatu amegeuka kumrudishia mtu chenji.
Nyingine ni kidole changu.

Kisha akasahau kwamba nipo.
Akanyamaza namna mtu anavyonyamaza
akihesabu pesa ambazo anajua hazitoshi,
anazihesabu tena kuanzia upande wa pili.
Nikashusha pumzi. Uzi ukatua kwenye kope.

Pembeni mwa picha kila kitu kimeyeyuka,
mwavuli, mizani, bega la jirani;
lensi ya bei hii haijui kona.
Lakini pale nilipopaweka mwenyewe
kope zinahesabika, moja moja.
Nikamwonyesha.
«Nimezeeka,» akasema.
Nilipopeleka kidole kwenye kitufe, akanishika mkono,
mkono wake unanuka ziwa:
«Usifute.»

Jumamosi nina harusi Bagira.
Bwana harusi ni mtu wa haraka. Sijui kama nitathubutu.

Usiku nikasimama nyuma ya nyumba yetu
nikielekeza ng'ambo ya maji, taa za Kamembe,
anakoishi Bisimwa, kaka yangu, mwaka wa tatu sasa.
Kwenye simu husema ni karibu,
asubuhi anaona mabati yetu.

Pete imeandikwa: nusu mita, mita moja, mita tatu,
halafu ile nane iliyolala,
yaani mbali kusikoisha.
Nikazungusha mpaka kwenye nane.
Taa zikavimba, zikawa machungwa yanayoelea.
Nikarudisha, unywele mmoja tu, kabla ya alama,
zikasimama, kila moja na nguzo yake,
na dirisha moja limefunguliwa.

Waliopaandika hawakupajua.
Nikamwomba dada rangi yake ya kucha,
nikatia nukta nyekundu juu ya chuma,
nikaipuliza mpaka ikauka.