Jaribio la Kutembea

Nilipima futi saba na inchi nne kutoka sakafuni,
nikatia alama ya penseli, nikatoboa.
Vumbi la simenti likamwangukia Mukhwana kwenye kofia
wala hakusogea. Alikuwa ameshika ngazi.
Miaka kumi na tisa ameshika lango la ghala hili,
hapa Kisumu, nyuma ya reli,
mbolea upande huu, mbegu za mahindi upande ule,
na leo ameshika ngazi ya mtu
aliyeleta kitu cha kumpumzisha.

"Hicho kidude kinaona?"
Hakioni, nikamwambia. Kinahisi joto.
Kila chenye damu kinatoa miale,
wekundu uliovuka mpaka wa macho,
na huu uso wake wa plastiki unaikata hewa
kama muuza duka anavyokata mche wa sabuni.
Joto likitoka kipande hiki likaingia kile,
king'ora kinalia.
"Na likitulia mahali pamoja?"
Likitulia, kinalinyamazia.
Akacheka mpaka ngazi ikatikisika.
"Kumbe nacho hulala kazini!"

Usikielekeze dirishani, jua litakifanya mwongo.
Usikielekeze mlangoni wima:
anayekuja uso kwa uso huchelewa kukiamsha,
mwache apite ubavu.
Ziba tundu la waya kwa silikoni,
kwani usubi wa ziwani hauna adabu,
na mmoja tu akitambaa ndani ya kile kioo
ni mkubwa kuliko jambazi.
Mapigo, weka mawili. Kuna paka.

Nikashuka. Nikasema, sasa tembea kama mwizi.

Akatembea. Buti ko, ko, ko,
tochi mbele, mkono ukigusa kila kufuli,
na kikohozi kile cha kumwonya mtu akimbie mapema.
Taa nyekundu ikawaka hata kabla hajafika kwenye mizani.
Hiyo ni doria, Mukhwana. Nimesema mwizi.

Akasimama kidogo.
Akavua buti. Akavua kabuti, akalikunja, akaliweka juu ya gunia.
Kisha sikumwona tena.
Nilisikia ghala likipumua, bati likilia kwa joto,
na taa haikuwaka, haikuwaka,
hadi sauti ikaniita kutoka kwenye rafu za mbegu:
"Niko hapa."

Umejifunza wapi?
"Kila usiku nimemwaza yeye. Angepita wapi,
angekanyaga nini. Hakuja.
Alikuja mara moja tu, saa nane mchana,
mimi nikila."

Saa nane mchana.
Ukurasa wa thelathini wa kijitabu, maandishi madogo:
hewa ikifikia joto la mwili
mtu na ukuta huwa kitu kimoja.
Ya bati hili, Februari, kijitabu hakiyajui.

Nikageuza bano nyuzi kumi. Akanionyesha njia ya pili,
chini ya meza ya karani. Nikaiziba.
Ya tatu, juu ya magunia, kwa tumbo.
Nikaongeza kihisi kingine.
Kila aliponieleza pa kupita
hapakupitika tena, hata kwake.

Bwana Orwa alipopiga simu nilimwambia kuhusu mchana,
kwamba saa hizo panahitaji mtu.
Akasema atanunua feni.

Magharibi nikawasha mtambo. Dakika moja wa kupata moto.
Giza likajaa, harufu ya mbolea ikapanda.
Nikahesabu sitini, nikatazama taa: kimya.
Hakuna mtu ghalani, ndivyo kilivyosema kifaa
nilichokipanga kwa mikono yangu,
ila kabuti lilikuwa bado juu ya gunia.

Nikaita, Mukhwana.

Alipogeuka, taa ikawaka.