Mwisho Kabisa wa Kweli

Nimeifungua diski usiku wa Jumatano, hapa Langoni,
miaka mitano tangu niiviringe kwa kipande cha kanga
na kuitia kidakani, nyuma ya mrashi.
Kebo yake imekakamaa. Inanuka udi.
Nikasema, nitapanga kwanza, kisha nichore.
Aliyesema hivyo hakuwa amekwisha kuona.

Folda ya kwanza inaitwa Vitu.
Ndani ya Vitu mna Vitu Vipya,
ndani ya Vitu Vipya mna Vitu tena,
kama mtu aliyepita daka, akapita kiwanda, akapita msana,
akafika ndani kabisa
na kujikuta yu mlangoni, anapiga hodi.

Na majina!
punda
punda_mwisho
punda_mwisho_kabisa
punda_mwisho_kabisa_wa_kweli
punda_mwisho_wallahi
Niliapa kwa ajili ya punda, astaghafiru,
na baada ya kiapo nikatengeneza wa sita.

Walioijenga nyumba hii walijua kupanga.
Zidaka arubaini na mbili ukutani,
nilizihesabu utotoni nikiwa na homa:
hapa sahani, hapa msahafu, hapa usiguse.
Nami nikajitia ujuzi wao.
Nikaweka folda tupu: Watu. Wanyama. Mikono. Kazi za Kulipwa.
Hiyo ya mwisho ilipata kitu kimoja,
bango la saluni ya Rukiya Bwanaheri,
ambalo hajalilipia hadi leo.

Saa tano stima ikakatika.
Betri, asilimia thelathini.
Nikaharakisha kufuta nakala,
nakala ya punda, nakala ya nakala,
kidole kikishika njia yake, futa, futa,
kama achambuaye mchele huku anazungumza.
Mbili zikajikuta bega kwa bega,
nikaona hazifanani.
Kwenye moja punda amefumba jicho.
Kwenye ya pili jicho li wazi,
na ndani yake, kwa burashi ya pikseli mbili,
mna dirisha, na dirishani mtu.

Sikumbuki kumchora.
Nikafungua matabaka. Kumi na tisa, yote hayana jina
ila moja, nililolificha: mato.
Ndivyo mama alivyoyaita, si macho, mato,
hata daktari wa kutoka bara alipomsahihisha.
Nikaliwasha, nikalikuza.
Amekaa na kofia ya vito mapajani,
haangalii sindano, ananiangalia mimi,
mdomo umeanza kile ulichokisema kila siku saa hiyo:
Ndoo ule, Mwanate, wino hauliki.
Na mimi kila siku: dakika mbili, mama.
Nilikuwa nikimcheka. Wino gani, mama, huu ni mwanga tu.

Mwaka ule alipolala, kalamu ikampisha kijiko.
Sikuacha kuchora kwa hasira, wala kwa uamuzi.
Niliiambia kalamu nayo, dakika mbili.

Asilimia tisa.
Huyu sasa akae wapi?
Si katika Watu. Humo yumo Rukiya, yumo Lali kinyozi,
yumo na yule mtalii aliyenidai mkono wa tatu kwenye picha yake.
Si katika Mikono, japo mikono ndiyo niliyoipatia,
pua nilikosea.
Nikamwacha jichoni mwa punda.
Nikazirudisha kutoka pipani nakala zote nilizozifuta,
mia moja na kumi na nne,
zikajimwaga hovyo, desturi yao.

Kisha nikafungua ukurasa mweupe.
Ncha ya kalamu imelika, inakwaruza.
Nikachora kikombe kilichokuwa mbele yangu,
chenye majani ya chai chini, na mdomo wenye pengo.
Duara halikufunga. Mkono umesahau.
Mashine ikaniuliza jina.
Nikaandika kikombe, nikasita,
nikaongeza moja.

Kioo kikawa cheusi.
Sijui kama iliwahi kuhifadhi.
Nimekaa nacho gizani, hicho cha udongo,
nikikipitisha kidole ukingoni
hadi penye pengo, na kurudi.