Ada ya Mwaka

Tulianza na mafundi sitini na mmoja,
mimi na Bohuslav, chumbani juu ya duka la vifungo
mjini Ostrava, masizi ya tramu yakipaka dirisha.
Ada: korona mia nne kwa mwaka.
Ukilipa, jina lako linakaa kwenye orodha yetu:
fundi bomba, fundi kufuli, msafisha dohani,
mama anayeshona magauni ya harusi na ya maziko
kwa sindano ileile.

Siku hizo nilibisha hodi kabla ya kuandika.
Nilimkuta fundi bomba kidole kinavuja damu,
nikaona bomba lake halivuji maji,
nikaandika.

Halafu wakaja wasio na mlango:
wauza dawa za kupunguza tumbo,
wakopeshaji wa usiku mmoja,
viatu vya majina makubwa kwa bei ya soksi.
Hawakutaka wateja. Walitaka kiungo tu,
kamba ya kupandia juu machoni pa mtambo wa kutafutia.
Walilipa mara tatu, na hawakuuliza kitu.
Bohuslav akanunua gari. Nami, nisijitoe,
nikanunua jiko lenye oveni mbili.
Viungo, viungo, viungo.
Nani asiyejua mchuzi uliozidi viungo
unaficha nyama gani?
Tulijua. Tukakoroga.

Ikawa Jumanne moja ya Aprili.
Mtambo haukutuma karani wala barua.
Jana wageni elfu sita; leo thelathini na wanane,
na mmoja wao nilikuwa mimi
nikichungulia kama bado tupo.
Hukumu isiyo na uso utaikatia rufaa wapi?

Waliolipa mara tatu wakaandika tena:
tafadhali futeni jina letu, tuko tayari kulipia kufutwa.
Nilicheka hadi chai ikapoa.
Mwaka jana walilipa waonekane nasi,
mwaka huu walipe isijulikane walitujua.
Bohuslav akasema, basi tuwatoze, hiyo nayo biashara.
Tukaachana: kwanza kwenye daftari,
kitandani baadaye.

Nilifuta bila kumtoza mtu.
Elfu nne na ushei wakabaki mia moja na tisa.

Januari ikaingia ada ya Květoslava Hrubá,
mia nne kamili, kwa jina la mumewe,
fundi wa kulinganisha sauti za piano.
Lakini mumewe alikuwa kaburini tangu Juni.
Nikapanda tramu kumrudishia.
Alifungua, mikono ina unga hadi viwikoni.
"Usimfute," akasema. "Mwezi wa kumi kijana alipiga simu,
ana piano ya bibi yake, imepoteza sauti.
Nikamwambia mzee amekufa. Tukaongea saa nzima.
Nikamwelekeza kwa Lumír, kule Vítkovice,
mume wangu ndiye aliyemfunza.
Kwa hiyo hicho kitu chako kinafanya kazi."
Akanipa mkate uliofungwa kwa kitambaa, mlango ukafungwa.

Sikujua hilo niliandike safu gani.

Mhasibu wangu, Radana, kijana, kalamu nyuma ya sikio,
ananiuliza kila robo mwaka: inalipa?
Mia moja na tisa mara mia nne.
Toa kodi ya chumba, toa umeme, toa soli za viatu.
Kinachobaki hakinunui hata mlango wa ile oveni.
Orodha za kulipia zimekufa, ananiambia kwa upole,
kama daktari anayeogopa ndugu wa mgonjwa.
Huenda ni kweli. Simbishii.
Ila anachokiita orodha
mimi nakiita kwenda, kugonga, na kukuta mtu.
Kama kuna atakayelipia hilo mwakani,
sijui. Mtambo pia haujui.

Leo niko Vítkovice, ghorofa ya tatu, daftari kwapani.
Nimegonga mara moja.
Ndani mtu anapiga noti moja, ileile, ileile,
anaisikiliza, anaikaza kidogo, anairudia.
Sigongi tena.
Nangoja amalize.