Uliza Ndani

Walipobomoa dari la mbao
nyumba ya tatu kutoka sokoni, Barabara Kuu, Jinja,
bahari ilianguka.

Haikumwagika. Ilishuka imekunjwa mara nne,
na vumbi, na mavi ya popo.
Fundi akaipangusa kwa mkono wa shati:
meli nyeupe, mabomba matatu mekundu,
omo limechongoka kama kisu ambacho hakijauzwa,
na bibi mwenye kofia pana, asiye na jasho,
anatazama mbele, ambako mchoraji hakuchora kitu.

Gundi hiyo naijua. Ni unga wa muhogo.
Babu Tibenkana aliikoroga alfajiri katika debe,
moto mdogo, isije ikashika madonge,
akaifunga nyuma ya baiskeli ya Kampuni
akaenda kubandika bahari stesheni,
bahari posta,
bahari ukutani kwa kinyozi.
Maji ya chumvi aliyoyajua yeye ni ya mchuzi.
Tukimuuliza meli ina urefu gani, alisema,
"Karatasi mbili. Na ukikosea kuziunga
yule bibi hukatika kiuno."

Kampuni yenyewe ilikaa ng'ambo, katika jengo la nguzo.
Haikujua muhogo. Ilijua tani na makaa,
daraja la kwanza, daraja la pili,
na abiria wa deki, ambao hawakuchorewa bango.

Chini iliachwa nafasi nyeupe, ya tarehe.
Bwana Ratilal Sodha, wakala, aliijaza kwa wino wa zambarau:
kutoka Mombasa, Jumanne, tarehe tano.
Miaka ishirini na minane aliwaandikia wengine safari.
Sabini na mbili, zilipotangazwa siku tisini,
alijikatia tiketi zake mwenyewe, sita,
akaacha funguo kwa babu, na debe.

Bango hili nafasi yake ni tupu.
Sijui alikosa wino au alikosa mkono.

Jamaa wa Kampala amenipigia simu.
Hununua vitu vya kale. Anauliza hali ya pembe.
Nikamwambia tatu ni nzima,
ya nne ina alama ya kidole gumba iliyoganda katika gundi.
Akasema inafutika, kuna dawa.
Akasema isipofutwa, inashusha bei.

Nimekata simu.

Duka sasa ni la Kagoya, anashona gomesi.
Amelitundika juu ya cherehani, limeinama kidogo,
meli kama inapanda mlima.
Kampuni ilikwisha kufa, nguzo zake ni za benki,
lakini chini kabisa herufi ndogo bado zinaagiza:
kuhusu nauli, uliza ndani.

Jana mtoto wa shule alizisoma pole pole, mlangoni,
akapangusa miguu, akaingia, akauliza.
Alikuwa na shilingi mia tano.

Kagoya, pini midomoni,
hakusimamisha mguu.
"Kwenda wapi?"